Utepe wa Upande wa Kusini

Jumanne, 27 Mei

Siku ya kwanza kazini. Shule niliimaliza Alhamisi. Kofia ya mahafali bado iko juu ya friji, Mama hataki iguswe. Baba aliniamsha saa kumi alfajiri. Mwezi huu hapa Mesa, jangwani, usipowahi kazi kabla ya jua, jua ndilo litakalokufanyia kazi wewe.

Tuko watatu kwenye pikapu. Baba kwenye usukani, mimi katikati, Mzee Efrén mlangoni. Mzee Efrén amefanya kazi na Baba tangu sijazaliwa, na kila asubuhi analalamika kwamba Baba anaendesha kama anapeleka mayai. Alizitazama glavu zangu mpya, akazinusa. "Bado zinanuka duka hizi. Zipeleke zikasalimiane na udongo, mjukuu."

Kazi iko nyuma ya nyumba ya Bibi Verna Lindquist. Ana miaka sabini na sita na gofu amecheza maisha yake yote. Sasa magoti yamekataa kuzunguka uwanja mzima. Kwa hiyo anataka kiwanja kidogo mbele ya dirisha la jikoni, nyasi bandia, mashimo matatu, apige mpira polepole jioni, na kandokando mawe na mimea ya jangwa. Alimwambia Baba, "Mimi siendi tena gofuni, basi gofu ije kwangu."

Baba anasema kutandika nyasi anaweza mtu yeyote mwenye kisu na gundi. Kazi iko pembeni. Jicho la mtu huanza pembeni, na likikuta ukingo mbaya halifiki katikati.

Bibi aliniuliza kama nataka chai ya barafu yenye sukari au isiyo na sukari. Nikaitikia kwa kichwa tu. Akaleta isiyo na sukari. Nikainywa.

Ndivyo nilivyo. Mwaka jana tulienda kula nje, nikaagiza wali na kuku, nikaletewa supu ya utumbo ya meza nyingine. Niliila yote. Mama bado anaisimulia kila Krismasi.

Jumatano, 28 Mei

Leo mawe. Tulikwenda kuyachagua kwa muuza mawe, Baba akayazunguka kama mtu anayenunua ng'ombe. Kila jiwe lina uso, anasema. Upande uliopigwa na jua miaka yote umekuwa mweusi-mwekundu, kama sufuria ya zamani. Upande uliokuwa udongoni ni mweupe. Ukiliweka jiwe uso chini, hata mtu asiyejua kitu ataona kuna jambo haliko sawa, ila hatajua ni nini.

Na theluthi moja ya jiwe lazima ifukiwe. Jiwe lililowekwa tu juu linaonekana limeletwa. Lililofukiwa linaonekana limezaliwa pale.

Nimeyaandika haya yote ili nisisahau. Nataka kujua kazi hii. Sijamwambia mtu. Shangazi ameshanitafutia nafasi kwa daktari wa meno, kupokea simu. Kupokea simu! Mimi! Lakini Baba alisema tungoje kwanza, tuone kiangazi hiki. "Tuone" yake ninaijua. Maana yake ananitazama.

Kesho tunaihamisha saguaro, dungusi la jangwani lenye shina nene na miiba. Inasimama katikati kabisa ya mahali pa kiwanja. Inanifika kifuani. Bibi anasema marehemu mume wake, Bwana Arvid, aliipanda mwaka walioinunua nyumba, ikiwa ndogo kama kidole gumba ndani ya kopo la kahawa. Ina miaka arobaini na sita. Binadamu wa umri huo angekuwa na mvi na deni la nyumba, alisema Mzee Efrén, lakini huyu ndiyo kwanza yuko chekechea.

Baba amenipa kazi ya kuitia alama. Yangu peke yangu.

Alhamisi, 29 Mei

Niandike polepole.

Asubuhi Bibi alichukuliwa na mpwa wake kwenda kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Alisimama kidogo mlangoni, akasema, "Mnisalimie huyo mzee wa miiba, mwambieni anahama chumba tu, hahami nyumba."

Kabla ya kuchimba, Baba alinipa utepe mwekundu. Nilijua tangu mdogo, kila mtoto wa hapa ambaye baba yake anapanda anajua: ukiihamisha saguaro, upande uliotazama kusini lazima utazame kusini tena. Ngozi ya kusini imeshazoea kupigwa na jua, imekuwa ngumu. Ya kaskazini ni ngozi ya mtoto. Ukiigeuza, jua linaichoma na haiponi. Nilitoa simu, nikatafuta kusini, nikafunga utepe kwenye mwiba wa upande ule. Nilifunga vizuri. Baba alipita, akautazama, akapita. Nilifurahi.

Wakachimba. Tukaizungushia mazulia ya zamani, tukaifunga kamba, tukailaza kwenye kitoroli. Nzito kuliko nilivyodhani. Mzee Efrén aliongea nayo njia nzima: "Usinikumbatie, dada, mimi nina mke." Tuliigeuza mara mbili ili ipite kwenye kona ya chumba cha mashine ya hewa. Tukafika kwenye shimo jipya, ukingoni pale kiwanja kinapopinda. Tukaisimamisha. Tukavua mazulia.

Utepe haukuwepo.

Niliuona. Ulikuwa chini, karibu na shimo la zamani, hatua ishirini nyuma yetu. Zulia lilikuwa limeuvuta.

Baba alikuwa amekumbatia shina kwa mkono uliofungwa kipande cha zulia, Mzee Efrén upande wa pili, jasho likimwingia machoni. Baba, ambaye huniita mama, akaniuliza, "Mama, kusini ni upi?"

Ningesema, "Utepe umeanguka, sijui." Maneno matatu. Wangeilaza tena, wangeitazama ngozi vizuri, Mzee Efrén angejua. Badala yake niliutazama upande mmoja ukaonekana kama ndio. Nikaunyooshea kidole.

"Una hakika?"

Nikaitikia kwa kichwa. Hata ulimi sikuutumia.

Wakaigeuza nilivyoonyesha, wakafukia. Baba alinipiga bega. Nilikwenda kuuchukua utepe nikautia mfukoni.

Labda niko sawa. Nusu kwa nusu.

Ijumaa, 30 Mei

Tumemwaga changarawe laini na kushindilia. Mashine inatetemesha mpaka meno. Nilishika reki. Baba aliweka pima maji kila hatua mbili. Mteremko kidogo tu kuelekea shimo la tatu, mpira uende kama unaosita.

Nimeitazama saguaro mara nyingi.

Kuigeuza leo ingekuwa koleo tu. Nusu saa.

Jumapili, 1 Juni

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilichora ua wa Bibi nyuma ya karatasi ya nyimbo. Nyumba upande wa kaskazini, dirisha la jikoni, saguaro, ukuta wa nyuma upande wa kusini. Nikajaribu kukumbuka ilivyokuwa kabla. Nakumbuka utepe tu. Sikuitazama saguaro yenyewe, nilikuwa naitazama kazi yangu.

Mama alikuwa anakaanga pilipili. Akasema ninazungusha chakula kwenye sahani kama kuku asiye na kucha. Nikamuuliza, mtu akikosea na hana hakika kama amekosea, aseme?

Hakuuliza ni mtu gani. Akasema, "Chumvi ikinizidi, nasema kabla watu hawajakaa mezani. Wakishaonja, hiyo si taarifa tena. Ni kesi."

Nilikuwa karibu kumwambia. Baba akaingia akiuliza funguo zake ziko wapi. Zilikuwa mkononi mwake.

Jumatatu, 2 Juni

Sasa nina hakika.

Tulikuwa tunapigilia ukanda wa plastiki wa ukingoni. Huu ndio unaoizuia changarawe isitembee kuingia kwenye nyasi. Unakunjwa kufuata mstari, kisha msumari mrefu kila futi moja. Baba aliniachia niuchore mstari mwenyewe kwa bomba la maji. Nililaza bomba, nikarudi nyuma, nikalisogeza. Mzee Efrén akasema mpindo wangu wa shimo la tatu umekaa kama nyonga ya mke wake wa zamani. Baba akamwambia achunge mdomo mbele ya mtoto. "Nimesema nyonga, sijasema mke wa zamani ana deni langu." Walicheka. Nami nilicheka. Nilikuwa nimesahau kabisa.

Ndipo Bibi akanigongea dirishani. Mpaka Alhamisi jicho moja limefunikwa, na lile jingine anasema lina moshi, anaona watu kama nguo zilizoanikwa. Haruhusiwi kuinama wala kutoka nje kwenye vumbi. Alinikalisha jikoni, akanipa chai ya barafu. Isiyo na sukari, kwa sababu "unapenda hivyo".

Akaniuliza kama saguaro imehama salama. Nikaitikia kwa kichwa.

"Sikuoni ukitikisa kichwa, binti," akasema. "Sema."

"Imehama, Bibi."

Akanisimulia. Mwaka fulani walipokuwa bado na nguvu, alikuwa anafanya mazoezi hapa uani, mpira ukamponyoka ukaipiga saguaro. Ukaacha kovu la duara kama sarafu, upande wa dirishani. Bwana Arvid hakusema naye siku mbili. Siku ya tatu alikuja jikoni akasimama nyuma yake akasema, "Sasa hivi kila ukiosha vyombo itakuwa inakutazama." Na kweli. Miaka yote hiyo kila asubuhi akiosha kikombe chake anaitazama saguaro, nayo inamtazama kwa kovu. Tangu Bwana Arvid afariki, analiambia kovu habari za asubuhi.

"Bado linatazama dirishani?" akaniuliza. "Mimi siioni kutoka hapa. Niambie wewe."

Nilitazama nje. Ubavu wa huku ulikuwa mzima, kijani, hauna kitu.

Nikasema, "Ndiyo."

Ndilo neno nililolisema vizuri kuliko yote tangu nianze kazi.

Nilitoka nikaizunguka saguaro nikijifanya nafuata ukanda. Kovu liko upande wa ukutani. Linatazama kusini. Kila kitu kimegeuka.

Jumanne, 3 Juni

Upande wa ukutani umeanza kupauka. Kama kiganja changu kwa ukubwa. Rangi ya ngozi chini ya mkanda wa saa.

Mzee Efrén alipokuwa anamwagilia mche wa ocotillo, mmea mwingine wa miiba ulio karibu, aliweka mgongo wa mkono kwenye saguaro, kati ya miiba, kama unavyompima mtoto homa. Akakaa hivyo kidogo. "Reynaldo," akamwambia Baba, "upande huu mbona laini?"

Baba hakuinua kichwa. Alikuwa anafukia jiwe. "Binti yangu Odalys ndiye aliyetia alama. Alama ni alama."

"Nasema tu ulivyo."

"Na mimi nasema. Nilikuwepo nikauona utepe."

Mzee Efrén akanitazama mimi. Si kwa ubaya. Akarudi kwenye maji yake.

Nilingoja mpaka Baba akanywa maji, nikasema labda tuifunike na kitambaa cha kivuli, kiangazi hiki tu, watu wengine hufanya hivyo. Akasema ndiyo, watu wasiojua kusini ndio hufanya hivyo. "Jirani akiona nguo kwenye mti wetu akina Barraza atasema Barraza ameupanda kinyume." Hakukasirika. Alisema kama mtu anayekueleza kwa nini mlango unafungukia ndani.

Alinitetea. Hilo ndilo siwezi kulimeza. Angenigombeza ingekuwa rahisi.

Kabla hatujaondoka nilichukua beseni kuukuu la kuchanganyia saruji nikaliegemeza ukutani, kivuli chake kiangukie pale palipopauka. Kinatosha saa moja hivi, kisha jua linasogea.

Jumatano, 4 Juni

Nyasi zimetandikwa. Kwanza unazifungua juani zilale, zikumbuke kuwa bapa. Kisha unapapasa kwa kiganja kujua majani yanalala upande gani, maana vipande vyote lazima vilale upande mmoja, la sivyo mpira unapita kwenye kiungo na kuyumba. Baba alikata mashimo matatu. Pembeni zote tumezungusha pindo la nyasi ndefu kidogo, kama upindo wa gauni, na pindo hilo limegundishwa hadi chini ya saguaro. Karibu kabisa. Kazi safi.

Ijumaa ilikuwa koleo na nusu saa. Sasa ni kung'oa pindo, kukata gundi, kutoa mawe mawili makubwa, kuchimba upya mizizi ambayo ndiyo kwanza inapona. Kila siku ninayonyamaza tunaweka kitu juu yake.

Upaukaji umefika viganja viwili.

Mawe manne leo niliyaweka mimi, Baba akiwa amesimama tu. Alizunguka, akachuchumaa, akatazama kwa jicho la Bibi pale anapokaa dirishani. Akasogeza moja tu, kidogo. Kisha akasema jiwe kubwa la mwisho, lile jeusi lenye mgongo, litakaa nyuma ya saguaro kati yake na ukuta, na nitaliweka mimi, Ijumaa. "Jiwe la mwisho huwa naweka mwenyewe," akasema. "Hili liweke wewe." Akaenda kukunja mabomba.

Mzee Efrén akanikonyeza. "Umeajiriwa, mjukuu. Pole sana."

Nimelia bafuni. Mama alipogonga nilisema ni vumbi.

Alhamisi, 5 Juni

Leo hatukwenda kwa Bibi, tulikuwa na bomba la kutengeneza mahali pengine. Leo ndiyo anafunguliwa jicho. Jumamosi mpwa wake na jamaa zake wanakuja, naye Bibi atapiga mpira wa kwanza.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Baba, nilionyesha upande usio. Baba, utepe ulianguka. Baba, kovu. Kila nikianza na "Baba" sauti inaishia hapo.

Ninafikiri nilidhani kunyamaza ni kutofanya kitu. Kama kukaa pembeni. Supu ile niliila mimi, haikumuumiza mtu. Lakini huku si kukaa pembeni. Nimeshika ile saguaro kwa mikono miwili nikaigeuzia juani, na kila asubuhi ninaishika tena.

Ina miaka arobaini na sita. Kopo la kahawa.

Ijumaa, 6 Juni

Naandika kwenye pikapu. Ni saa mbili asubuhi. Daftari liko gotini, mkono bado una udongo, samahani ukurasa.

Alfajiri njiani nilitaka kusema. Mzee Efrén alikuwa anasimulia habari za mbwa wa jirani yake. Nikangoja amalize. Hakumaliza.

Tulipofika, Baba na Mzee Efrén walilishusha lile jiwe jeusi na kulisukuma kwa mitaimbo mpaka nyuma ya saguaro. Shimo nilikuwa nimelichimba mimi, theluthi yake. Baba akanipa mtaimbo wake, ule wenye mkono uliofungwa ngozi, ambao hata Mzee Efrén hapewi. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Haya, mama. Uso juu."

Nilikuwa nimesimama kati ya jiwe na saguaro. Kovu lilikuwa mbele ya macho yangu kabisa. Limezungukwa na manjano sasa.

Nikasema, "Baba. Tusiliweke jiwe."

"Kwa nini?"

"Niliwaonyesha upande usio."

Hakuelewa. Nikasema tena, nikasema na mengine yote, utepe ulianguka, niliuona umeanguka, nilibahatisha. Nikalionyesha kovu. Nikasema kovu lilikuwa upande wa jikoni. Sauti yangu ilikuwa ndogo lakini ilifika mwisho.

Baba alikuja akaweka mkono pale palipopauka. Nilidhani atapiga kelele, na Baba hapigi kelele, sijui kwa nini nilidhani hivyo.

"Umejua tangu lini?"

"Jumatatu ndipo nilipokuwa na hakika."

"Na Alhamisi ile ulikuwa na nini?"

"Sikuwa na kitu."

Akatikisa kichwa taratibu. Akautazama mstari wa pindo, gundi, mawe mawili yaliyokaa kama yamezaliwa pale. Kazi ya siku nne. Mzee Efrén alikuwa ameshavaa glavu. Alisema kwa upole, akiwa kama anaongea na mawe, "Mimi nilipapasa. Nikasema mkono umezeeka."

"Mkono haukuzeeka," Baba akasema. "Mimi ndiye niliyefunga masikio."

Kisha akaniuliza, "Utepe uko wapi?"

Ulikuwa mfukoni. Umekuwa mfukoni siku nane. Nilimpa. Hakuuchukua. "Ufunge wewe," akasema. "Unapojua."

Nikaufunga upande wa dirishani. Mara mbili. Kisha na uzi juu yake.

Wakaanza kukata pindo. Nilichukua koleo, Baba akanizuia. Akasema kuna kazi yangu nyingine kwanza. Bibi yuko ndani, jicho limefunguliwa, hajatoka bado kwa sababu anangoja kumaliza kahawa yake. Akitoka ataona nyasi zake mpya zimekatwa na mti wake umefungwa kamba, siku moja kabla ya wageni. "Kazi ya Barraza nitaijibu mimi," Baba akasema. "Tutairudia bila malipo, hilo ni langu. Lakini neno ulilomwambia jikoni si langu. Siwezi kulichukua hata nikitaka."

Kwa hiyo nimwambie mimi. Nilisema nipe dakika tano kwenye gari. Nimeandika hapa nitakavyosema, ili nisipotee:

Bibi Lindquist, siku ile uliponiuliza kama kovu linatazama dirishani, nilisema ndiyo. Halikuwa linatazama. Niliogopa. Saguaro yako imeungua kidogo upande wa nyuma. Baba anasema huenda ikabaki na baka maisha yake yote, au huenda ikaingiwa na ugonjwa, hajui, hatajua mpaka majira ya baridi. Tunaigeuza leo. Samahani.

Na kwamba chai napenda yenye sukari. Hapana, hilo sitasema. Au nitalisema mwisho.

Mlango wa jikoni umefunguka. Ametoka. Amevaa miwani mikubwa myeusi waliyompa hospitali, amechukua fimbo yake ya gofu anaiegemea kama bakora. Amekanyaga nyasi, amesimama, anapapasa kwa ncha ya kiatu. Anatabasamu. Sasa ameziona kamba.

Anakwenda polepole mpaka kwenye saguaro. Anautazama utepe wangu. Anapeleka kidole chini yake, anatafuta, hapati. Anazunguka. Ameshika ukuta, anazunguka nyuma.

Amelipata. Ameinama ingawa daktari amemkataza. Kidole kiko kwenye kovu.

Anauliza kitu. Kutoka hapa simsikii, ila naona mdomo. Baba amevua kofia. Mzee Efrén anatazama koleo lake. Bibi anauliza tena, na sasa Baba ananyoosha mkono kuelekea huku kwenye gari, naye Bibi anageuka, ameivua miwani, anakunja macho juani anitafute, mlango ninaufungua, wote watatu wananingoja. Naliacha daftari kitini, nakwenda kumwambia.